Bwana Gershom Nzai, Aliyekataa Kuchana Simu Kabla Mstari Haujaisha

Bwana Gershom Nzai wa Frere Town anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1963, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha simu za maandishi cha kampuni yetu hapa Changamwe. Bendera mpya itapanda siku kumi na mbili baadaye, naye ataitazama akiwa mtu huru mara mbili. Walioniomba habari zake walitaka niseme alikuwa mpole na mtiifu. Mpole, naam. Mtiifu, hapana, wallahi, na tushukuru hakuwa.

Mimi Kulthum nimemtilia chai tangu 1941. Sikuingia darasani hata siku moja. Maneno ni yangu, kalamu ni ya Nafula karani, na nimemwonya asiyapake poda.

Bwana Gershom alianza 1932 kwa kupeleka barua, akajifunza kugonga simu kwa mkono, akawa fundi wa kutegemewa. Mwaka 1957 ikaletwa teleprinta: mashine kama taipureta kubwa, inayopokea maneno kwa waya kutoka Nairobi na kuyapiga chapa yenyewe, hakuna mkono unaoigusa. Wakubwa wakadhani sasa kazi yake ni kukaa na kuchana karatasi. Masikini wa Mungu, hawakujua.

Mashine ile haina akili. Haijui mstari umefika mwisho mpaka iambiwe, na huambiwa mara mbili: kwanza kigari kinachopiga herufi kirudi kushoto, kisha karatasi ipande juu. Krrr, halafu tak. Ikikosekana moja, ni balaa. Kituo kimoja cha bara kilikuwa kikituma krrr bila tak, maneno yakapigwa juu ya wenzao, mistari sita mahali pamoja, mpaka karatasi ikajaa matundu kama kofia ya vito iliyodariziwa. Kingine kilituma tak bila krrr, maneno yakasongamana ukingoni kulia kama abiria wa feri ya Likoni.

Gershom akaisoma tabia ya kila kituo. Waliotuma krrr tupu, aliwapandishia karatasi kwa kidole. Waliotuma tak tupu, aliwarudishia kigari. Waliotuma vyote viwili aliwaacha, maana ukiongeza chako juu ya chao unapata mstari mtupu usio na maana. Mezani kwa mkubwa simu zote zilifika safi, kama zimetoka mkono mmoja. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jambo la pili alilolijua ndilo lililomponza: kunyamaza si kumaliza. Waya hukwama. Huja maneno manne, mashine ikapumzika, kisha yakaja mengine. Gershom hakuchana karatasi kwa sababu ya kimya. Alingoja krrr na tak. Na si kwa mashine tu. Mohdhar, bawabu wetu, ana kigugumizi, na sisi sote, mimi nikiwamo, humpokonya maneno tukammalizia. Gershom husimama pale langoni, mwavuli kwapani, mpaka Mohdhar afike mwenyewe. Siku moja alingoja hivyo hadi akachelewa kazini, kumbe Mohdhar alikuwa akimwambia viatu alivyovaa si jozi moja.

Sasa nifike mwaka 1959, mwezi wa Agosti, saa nne za asubuhi. Vibarua wa bohari ya pili, watu sitini na watatu, walikuwa wakinung'unika, na msimamizi wa wakati huo alikuwa akiwatafutia sababu. Jina lake nalimeza, amesharudi kwao. Nilikuwa naingia na birika pale teleprinta ilipoandika, kama Gershom alivyotusomea baadaye: "Simamisheni vibarua wote wa bohari ya pili". Ikanyamaza.

Msimamizi akapiga kofi la furaha. "Chana, Gershom! Nipe nikawasomee."

"Haijaisha, bwana."

"Mashine imenyamaza!"

"Imenyamaza, ndiyo. Haijaisha. Kigari bado kiko katikati."

Sheria ya chumba ilikuwa moja: simu isiyopigwa muhuri wa mpokeaji si simu, na muhuri alikuwa nao Gershom. Akautia mfukoni, akaweka viganja viwili juu ya karatasi. Msimamizi akamwambia kesho akachunge mbuzi Rabai. Gershom alikuwa na watoto watano, na Nyamvula mkewe ana mimba ya sita. Hakuondoa mikono. Mimi nikasimama katikati yao na birika langu.

"Bwana, mashine hii nimeisikiliza miaka miwili. Haijapiga krrr, wala tak."

"Mama wa chai anajua nini?"

"Anajua chai hii ni ya moto."

Akarudi nyuma hatua mbili. Tukangoja dakika kumi na saba kwa saa ya ukutani, na chai ikapoa. Kisha mashine ikaamka, ikamalizia: "siku ya Alhamisi tu, bohari ipulizwe dawa ya panya." Krrr. Tak. Gershom akachana, akapiga muhuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Watu sitini na watatu wakapumzika Alhamisi, Ijumaa wakarudi kazini. Mkwe wangu Jumaa alikuwa mmoja wao, na hakujua alivyonusurika mpaka nilipomweleza.

Shukrani aliyoipata Gershom ni onyo ndani ya faili lake: "Alikataa amri ya mkubwa wake." Basi, nukta. Kwa maneno hayo matano alirukwa mara mbili wakati wa kupandishwa cheo, na aliowafundisha yeye wakakaa viti vya mbele yake. Hakulalamika. Nililalamika mimi, kila asubuhi, kwa kila niliyemtilia chai.

Mwezi uliopita Bwana Wafula, mkuu wetu mpya, alimwita akataka kuitoa karatasi ile na kuichoma, iwe zawadi ya kumuaga. Nilikuwepo na trei yangu. Nikasema, "Kiberiti hiki hapa."

Gershom akatikisa kichwa. "Usiichome, bwana. Ni kweli nilikataa. Ila mstari haujaisha. Umalizie."

Bwana Wafula akafungua kalamu, akaumalizia. Nafula amenisomea mara tatu, na sasa naweza kukusomeeni bila karatasi: "Alikataa amri ya mkubwa wake, kwa sababu simu ilikuwa haijaisha, na watu sitini na watatu wakabaki na kazi yao." Basi akija mtu kusema Gershom Nzai alikuwa mkaidi, mwambieni aisome yote.

Bwana Gershom, ahsante kwa mikono yako miwili. Msalimie Nyamvula, na jioni za Jumapili usisahau njia ya kwangu Likoni. Mungu akupe afya na umri wa kuzeeka kwa raha. Na ukinyamaza huko Frere Town wiki mbili tatu, hapa hakuna atakayesema habari zako zimekwisha. Umetufundisha kungoja.