Mlango wa Jiko la Meli

Basi lilikuwa kimya, kwani abiria wote walishikwa na kazi nzito ya kusikiliza yasiyowahusu. Mpishi mstaafu alikuwa amembana fundi wa kukata meli. Meli aliyoipikia miaka ishirini inavunjwa wiki hii, naye anautaka mlango wa jiko, ambao juu yake alikuwa akichora alama za urefu wa mwanawe kila likizo alipomtembelea melini.

"Mama, mlango ule una asbesto ndani," fundi alisema. "Ukikatwa, vumbi lake linaharibu mapafu. Tunaufunga kwenye plastiki, unakwenda kuzikwa."

"Nimeuegemea miaka yote hiyo, mbona napumua?"

"Uliuegemea, mama. Hukuukata."

Fundi, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa na moyo, akaongeza, "Labda nikunakilie zile alama kwenye karatasi."

"Kwa mkono huo wa kukata meli vipande? Si utanifupishia mtoto!"

Basi likasimama kwenye lango la kiwanda cha kuvunjia meli. Kabla fundi hajainuka kitini, mpishi alikuwa ameshateremka, akimwambia mlinzi, "Niletee kofia ngumu, baba. Na karatasi ndefu, mwanangu hakuwa mbilikimo."