Mzee Ndululu Kiema, Fundi wa Gesi ya Samadi

Marehemu Mzee Zakayo Ndululu Kiema alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 karibu na soko la Nunguni, akiwa kifungua mimba wa Kiema na Syombua.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Baba yake alipofariki mwaka 1948, aliacha masomo akamfuata mjomba wake, mwashi kule Sultan Hamud. Huko alijifunza kujenga matangi ya maji, na shule kadhaa za Makueni zingali zinakinga mvua kwa matangi yake.

Tarehe 22 Agosti 1959 alimwoa mama yetu, Mbinya. Mungu aliwajalia watoto watano, ingawa Kasyoka alitutangulia akiwa mchanga.

Mwaka 1978 Mama aliugua kifua hata akashindwa kuimba kanisani. Daktari alimwambia Mzee wazi: "Dawa nitampa, lakini akirudi kwa moshi ule ule, utamzika." Mzee alifika nyumbani, akatoboa ukuta wa jikoni akaweka dirisha. Hakuridhika. Alikuwa amesikia kwamba kuna shamba huko Kiambu ambapo samadi ya ng'ombe hutoa gesi ya kupikia, basi akapanda gari akaenda kujionea.

Aliporudi alichimba shimo kando ya zizi, akalijengea kwa matofali na kulifunika kwa kuba. Kuba likavuja. Majirani wakacheka: "Ndululu anajengea mavi nyumba!" Alibomoa, akaanza upya. Juni 1980 Mama alifungua koki, akawasha kiberiti, na moto wa samawati ukashika bila moshi. Mzee aliketi chini sakafuni akalia.

Nyanya Syombua, mama yake Mzee, alikataa kabisa. "Chakula cha mavi mimi sili," alisema, akaendelea kupikia kwake. Kisha siku moja ya mvua kuni zake zote zililowa, akaja kwetu akitetemeka. Mama akampa chai. Alipomaliza kikombe akauliza, "Hii imepikwa na nini?"

"Na ile gesi, mwaitu," Mama alimjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Nyanya alimsogezea kikombe. "Basi niongezee."

Habari zilienea, na waumini wa kanisa moja huko Kwa Vonza wakamwita Mzee awajengee mitambo. Lakini ukame wa 1984 uliua ng'ombe, na bila samadi mitambo ikazimika. Mtu mmoja alimwambia mbele ya kanisa zima, "Ulituchimbia mashimo ya bure." Mvua iliporudi Mzee alienda huko tena bila kuitwa, akipita boma kwa boma, akifungua kila mtambo na kuusafisha. "Haujafa huu," aliwaambia. "Una njaa tu." Kisha akawapelekea ndama wake wawili wa kike wawe mbegu ya kuanzia. Yule aliyemlaumu ndiye aliyepokea wa kwanza, na leo yuko hapa pamoja nasi. Karibu sana, Mzee Ndolo.

Mwaka 1993 Mzee alipatikana na kisukari. Miguu ilipokosa nguvu, aliendelea kufundisha vijana akiwa kitini, akiwaelekeza kwa bakora. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, kikundi cha akina mama kilichotutekea maji na kutupikia, na wachungaji waliomwombea. Alilala Jumanne, tarehe 8 Julai 1997, nyumbani kwake, Mama akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwetu lilikuwa, "Mmekula?"

Ameacha mjane wake, Mbinya, ambaye kifua chake kilipona na bado anaimba sauti ya kwanza, watoto wake Jonah, Muthoki, Ndila na Kalunde, wajukuu tisa, na mafundi aliowafunza kutoka Nunguni hadi Mwingi.

Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu huyu. Bwana ampokee fundi wake, na apumzike kwa amani.