Kitunguu cha Ua Kirudi Patsy

Fumba macho, Kamardine mwanangu, ukione kilima cha Patsy kwetu Nzwani, mwishoni mwa kusi: ukungu bado umelala mabondeni, udongo una baridi ya kuuma vidole, na dada yako Nadjma amechuchumaa mbele ya kaburi la baba yenu, anachimba kwa kijiko cha jikoni. Usifumbue bado. Nilifundisha watoto kusoma kwenye kilima kile mpaka nikaota mvi, namjua mtoto anayejifanya amefumba.

Sikiliza sasa, maana pumzi imekuwa fupi. Patsy tunapanda wakati huo, kabla ya mvua ya kwanza, kwa sababu baridi ya mlima imekwisha kukilaza kitunguu cha ua, na mvua ikigusa udongo kinaamka na kutoa yungiyungi jekundu. Huku Moroni hakuna baridi ya kukilaza. Mvua inashuka hata katikati ya kusi, na mawe haya meusi yanatunza joto kama chungu. Huku unaking'oa wewe mwenyewe, unakiweka pakavu kivulini mpaka majani yafe, na hukirudishi ardhini mpaka mvua kubwa zipungue. Na Oumaima wetu, ndugu yenu wa tatu, huko Marseille kwa Wafaransa, asiguse udongo mpaka baridi yao iondoke, la sivyo kitaganda. Kitunguu ni kile kile, wakati wake ndio unaobadilika.

Uliponivusha bahari ukanileta Moroni kwa matibabu ulivibeba vitunguu vya kaburini kwa mapenzi, ukavipanda mwezi ule ule wa Patsy, vikaoza. Kimebaki hiki kimoja, na hiki nacho Saoudat mkeo alikaribia kukikatia mchuzini. Nadjma alipopiga simu alicheka, akasema, "Kaka, ninyi watu wa Moroni mnaozesha hata mawe." Ungecheka, yangeisha. Wewe ukamjibu, "Basi ninyi ngojeni mkapandiwe na hao Wafaransa mnaowalilia." Siku zile Nzwani ilikuwa imejitenga na Moroni, inataka kurudi kwa Wafaransa. Kisha simu za Nzwani zikakatwa, vyombo vya baharini vikazuiwa, na hayo yakawa maneno ya mwisho kati ya watoto wangu. Nalala nayo, naamka nayo.

Najua rafiki yako Elamine alikwenda Mutsamudu na jeshi, hakurudi. Najua mume wa Nadjma alishika bunduki upande wa pili. Sikwambii usahau. Lakini Nadjma siku zile hakubeba kitu ila mtoto mgongoni.

Shamba la karafuu la Patsy gawaneni kwa sheria ya dini. Nyumba ya Mutsamudu ni ya Nadjma, nilimkabidhi siku ya ndoa yake kama mama yangu alivyonikabidhi mimi, na usije ukainua mdomo kwa sababu paa la zege ulilimwaga wewe. Tazama humu tulimo. Ni nyumba ya Saoudat, imetoka kwa mama zake wa Ntsoudjini, nawe umo kwa heshima ya ndoa. Mwanamume wa visiwa vyetu anaingia bila kubisha katika nyumba mbili tu, ya mkewe na ya dada yake. Mimi nikiondoka, nawe ukampoteza Nadjma, kwetu Mutsamudu utabisha kila mlango kama mgeni. Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu, kuliko kufa.

Mtanizika hapa hapa. Chombo hakiendi, na maiti haisubiri. Nimelilia jambo hili mpaka Saoudat akabadilisha mto, sasa machozi yamekwisha na hofu imebaki. Mwambie Oumaima atafute mtu wa Mayotte, kule jirani na Nzwani, amfikishie Nadjma habari yangu, asije akaisikia sokoni kwa watu.

Kitunguu hiki kisipandwe Moroni. Kipake majivu, kifunge kwenye leso yangu ya shiromani, kining'inize pakavu. Sikutumi ukazame na mashua za magendo. Lakini siku njia ikifunguliwa, nenda. Ukikuta mvua zinamwagika, nenda hivyo hivyo, ukae kwa dada yako mpaka kusi ipite, kitunguu kingoje na wewe ungoje. Mle pamoja, mgombane kama hamna budi, lakini mkiwa chini ya paa moja. Ndipo mpande Patsy, wote wawili. Niambie utakwenda.

Mbona huniambii?

Nipe maji. Tone tu, basi.

Mungu awatunze watatu nyinyi, kila mmoja na bahari yake. Amlainishe huyu moyo. Amfungulie njia.

Kamardine. Bado umefumba? Vizuri. Mtakapofika kaburini, mkichimba... msikizike chote. Kitunguu kikifukiwa mpaka shingoni huoza. Shingo ibaki juu, ipate hewa. Umwachie Nadjma ashindilie udongo, mkono wake ni mwepesi. Mengine yote ukiyasahau, si neno. Shingo ibaki juu, mwanangu. Hilo moja... ulikumbuke.