Kompyuta ya Kuuza

Kwenye basi, mbele yangu alikaa mama mmoja, fundi wa kushona, amepakata kompyuta. Mzee aliyekaa naye, ambaye hawakujuana naye, alimuuliza kama anaipeleka kutengenezwa.

"Naenda kuiuza, baba," akajibu. "Binti yangu ana miaka sita. Alikuwa anacheza mchezo humo, mtu asiyemjua akamwandikia awashe kamera amwone na sare zake za shule. Akawasha."

"Ulijuaje?"

"Alinifuata mwenyewe jikoni kuniambia, anacheka."

"Basi usiiuze, mwanangu. Iweke sebuleni, mtafutie michezo isiyopokea ujumbe wa watu, kamera uizibe. Akicheza, ukae naye."

"Nikikaa naye, nguo za wateja atashona nani?"

Nadhani mzee hakuwahi kushika sindano.

"Lakini ukiiuza," akaanza tena, "ataona ameadhibiwa kwa kusema ukweli. Siku nyingine atakuficha."

"Siku nyingine itatoka wapi, na kompyuta haipo?"

"Kwa jirani ipo. Shuleni ipo. Utaziuza zote?"

Mama aligeukia dirishani. Nikadhani mazungumzo yameisha, nikarudia gazeti langu.

"Nilimzaba kofi," akasema kwa sauti ya chini. "Hata hajamaliza kunieleza. Tangu siku hiyo, akiongea na wenzake, nikiingia chumbani anakatisha maneno."

Mzee alimpisha basi liliposimama, na mama akashuka na kompyuta yake.