Pacha Aliyetangulia

Waombolezaji wenzangu, shemeji yangu ameniomba niwasomee maisha ya mumewe kwa kuwa mimi nilimfahamu tangu tumboni, na naona wengi wenu mnanitazama kwa kushtuka kana kwamba marehemu ameinuka akavaa koti lisilomkaa, basi niwaambie mapema kwamba nilimpenda na nilimwonea wivu, na hadi asubuhi hii vyote viwili bado ninavyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika hospitali iliyo nyuma ya stesheni ya reli, robo saa kabla yangu, na mama hakuwahi kuficha kwamba huyo ndiye kipenzi chake. Tulianza shule ya msingi Januari 1968 kwenye dawati moja, yeye akafaulu kwenda sekondari ya bweni, mimi nikabaki nyumbani nikajifunza ufundi wa friji.

Tarehe 5 Septemba 1988 alianza kufundisha saikolojia chuo kikuu, na somo lililompatia sifa lilikuwa la kulinganisha nadharia za haiba, yaani kwa nini mtu anakuwa alivyo, ambapo alieleza kwamba wapo wanaosema haiba hujengwa na tamaa na hofu za utotoni tusizozitambua, wapo wanaosema ni kutuzwa, kuadhibiwa na kuiga, wapo wanaosema tunazaliwa na hulka zetu, na wapo wanaosema mtu hujikuza mwenyewe, kisha akazipima zote kwa mfano wa mapacha wawili, mmoja mchangamfu, mwingine mwenye kinyongo, na huyo wa kinyongo, msijisumbue kuuliza, ndiye anayewasomea.

Oktoba 1989 niliitwa chuoni kutengeneza kiyoyozi cha ukumbi wake, wanafunzi wakasimama kunipokea wakidhani mimi ni yeye, nami sikuwakatalia, niliweka spana mezani nikawaambia nadharia zote hizo zimesahau jambo moja, kwamba mtu huwa alivyo kwa sababu ya yule aliyelala naye kitanda kimoja akapendwa zaidi, wakaandika, kumbe mwalimu wao yuko mlangoni anasikiliza, akacheka hadi machozi, akaliingiza kwenye somo, akapigiwa makofi miaka yote, yaani hata kwa wivu wangu alisifiwa yeye.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na wanangu mimi walishinda kwao kila likizo, eti baba mkubwa ana hadithi.

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa kwa kusafishwa damu, hadi Jumatatu tarehe 10 Juni 2024 alipofariki alfajiri. Mama yetu, ambaye kumbukumbu zinamtoka, aliambiwa, akalia sana, kisha akasahau, na tangu jioni ile nikiingia chumbani kwake ananiita kwa jina la marehemu, ananishika shavu, ananiuliza kama nimekula, nami najibu bado, ili anikalishe karibu yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuachia nyumba na viti vyao, na walimu wenzake waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, pacha wangu, jina lako bado linaitwa nyumbani, na anayeitika ni mimi.