Sylvesta Boay Akonaay, Fundi wa Rauta wa Buger, Wasifu Wake kama Ulivyosomwa na Shemeji Yake

Baba Paroko, wazee wa Buger, majirani, na ninyi wageni wetu mliosafiri siku mbili kutoka Malambo, mimi naitwa Inosenti Yaro, ni mdogo wake Dorkasi, mke wa marehemu, na familia imenikabidhi karatasi hii kwa sababu watoto wamesema hawataweza kuifikisha mwisho, na pia kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akisema shemeji ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumtania mtu hata akiwa ndani ya jeneza. Basi nitatii, na nikicheka mnisamehe, na nikilia mnisamehe zaidi.

Sylvesta Boay Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa hapa Buger, wakati huo ikiwa Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Boay Akonaay na marehemu Mama Evarista, na akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mama yake alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka tisa alivuta uzi wa katani kutoka jikoni hadi zizini, akafunga kopo huku na kopo kule, ili aitwe kula bila mtu kupiga kelele, ila alipoitwa kwenda kuteka maji kopo lilikuwa halisikii.

Alisoma Shule ya Msingi Buger kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akachaguliwa kujiunga na shule ya ufundi mjini Arusha alikomaliza mwaka 1975 akiwa fundi umeme, na mwaka 1976 akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, akarudi na nidhamu, kofia, na tabia ya kuamka saa kumi na moja alfajiri ambayo dada yangu ameivumilia kwa miaka arobaini na miwili.

Januari 1977 aliajiriwa na shirika la simu, akafanya kazi Arusha na baadaye Loliondo hadi mwaka 1994, na tangu mwaka 1995 mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2016 alikuwa fundi wa redio upepo, zile za kuongea mbali bila waya, katika kambi za watalii, akizunguka kutoka Karatu hadi Serengeti na Engaresero. Ni huko Engaresero alikokutana na mwendesha redio wa kambi moja, Olais Lekishon wa Malambo, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele, na tangu siku hiyo walikuwa marafiki wa kuulizana hali kila siku saa nne asubuhi, mvua inyeshe, jua liwake.

Tarehe 1 Oktoba 1983 alifunga ndoa na dada yangu Dorkasi katika kanisa la Karatu, nami nikiwa mtoto wa shule nilimwonya dada kwamba huyu mwanamume anaongea na mitambo kuliko watu, akanijibu kwamba angalau mitambo haina mahari. Mungu aliwajalia watoto watatu, Angela aliyezaliwa mwaka 1985 ambaye ni muuguzi Mwanza, Simon aliyezaliwa mwaka 1988 ambaye ni mwalimu Dodoma, na Leonida aliyezaliwa mwaka 1991 ambaye ameolewa Babati na ana duka la vitambaa, na wajukuu saba, ambao wote walijua kuchomelea waya kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Sasa nifike mahali ambapo kila mmoja wenu anapangojea. Mwaka 2011 marehemu alifanya mtihani akapata leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaorusha mawasiliano kwa mapenzi tu, bila biashara, bila siri, kila mmoja kwa jina lake la herufi na namba alilopewa na mamlaka, na jina hilo ni la mtu mwenyewe, halirithiwi kama shamba. Alipostaafu akarudi hapa Buger na gunia la rauta kuukuu, vile visanduku vya kugawa intaneti ambavyo hoteli za Karatu huvitupa kila zikipata vipya, akavifuta kumbukumbu, akavitia programu nyingine, akavifundisha kuongea vyenyewe kwa vyenyewe bila intaneti ya kampuni yoyote. Kila kimoja alikitia ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula ili mvua isiingie, akakiunganisha na betri ya pikipiki na kipande cha sola, akakipandisha juu ya mkaratusi, na ndivyo ujumbe ulivyoanza kutembea kutoka nyumbani hapa hadi zahanati, kutoka zahanati hadi shuleni, na kutoka kilimani hadi juu ya bati la nyumba yangu Karatu mjini. Alipenda kusema kwamba mtu yeyote mwenye bisibisi na subira anaweza kuitengeneza, na mimi, ambaye nina bisibisi, nilijua kilichonipungukia.

Nilimcheka sana, nakiri. Nilimwomba anitumie kwa njia hiyo bei ya maharage, akakataa, nikamwomba basi atangaze safari zangu za watalii, akakataa kwa ukali zaidi, akisema, "Shemeji, hewani hatuuzi kitu, hewani tunasalimiana na kusaidiana." Dada naye alikuwa na kesi yake, maana ungo wa kukusanya mawimbi ulipokosekana, marehemu alichukua sufuria kubwa ya shughuli, ile ya kupikia watu mia, akaitoboa katikati ya kitako na kuifunga juu ya mlingoti, na dada alipoikosa siku ya kipaimara aliweka ngazi, akapanda mwenyewe akiwa amejifunga kanga kiunoni, akaitazama, akasema ikikaa hivi itakusanya maji badala ya maneno, akaigeuza kiasi cha kiganja. Mawasiliano ya Karatu yakaimarika dakika hiyohiyo. Marehemu akamnunulia sufuria nyingine.

Kati ya hapa na Malambo kuna milima ya Ngorongoro, na rauta zinataka kuonana uso kwa uso, kwa hiyo maneno ya kule yalivuka kwa redio upepo, pole pole, herufi baada ya herufi, kisha rauta za kwa Olais zikayasambaza bomani kwake, shuleni na zahanati. Julai 2019 nilimwendesha marehemu kwenda kuzifunga, tukapitia Engaresero, tukafika, akafunga ile ya bomani kwenye nguzo fupi kwa sababu mchwa walikuwa wamekula ndefu, tukaijaribu saa sita mchana, ikafanya kazi vizuri ajabu, tukachinjiwa mbuzi, tukarudi. Tangu jioni ile, kila ilipofika saa kumi na mbili, ya bomani ilikatika, na asubuhi ikarudi. Wiki tatu marehemu alihangaika, akatuhumu betri, akatuhumu umande, akatuma waya mpya, akajaza kurasa nyingi za daftari, mpaka Nasieku, mke wa Olais, alipouliza kama yule fundi wa Kiiraqw anajua ng'ombe wa Kimasai huwa wanarudi nyumbani jioni. Walikuwa mia moja na arobaini, na walipenda kusimama mbele ya nguzo ile hasa, na mawimbi hayapenyi ng'ombe. Mzee aliyefuga ng'ombe wawili wa kufungia bandani alikuwa amejaribu mtambo wakati kundi zima liko malishoni! Alicheka siku nzima, akaandika katika kitabu chake cha maelekezo, kifungu cha kwanza, kabla ya umeme, kabla ya waya, "Uliza kwanza ng'ombe wanalala wapi," na Nasieku amenituma niwaambie kwamba yeye hakuandikwa jina.

Mimi niliacha kucheka Aprili 2020, mvua zilipobomoa barabara na simu zote za Buger zikanyamaza siku nne. Asubuhi ya siku ya pili, ujumbe uliingia kwenye rauta ya bati langu, kwamba zahanati ina mama ambaye uchungu umemshinda, kwamba vijana watambeba hadi korongoni, na kwamba nilete gari upande wa pili. Nilileta. Mama huyo amekaa pale karibu na mgomba, na mtoto wake ni yule anayewakimbiza kuku wa jirani sasa hivi, tafadhali mtu amshike.

Novemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na madaktari wakatueleza kwamba moyo wake umepanuka. Alilipokea kwa utulivu, lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha, nalo halikuwa kifo. Leseni ni ya mtu, na siku mtu akifa kituo chake hunyamaza, na hapa Buger hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Aliwauliza watoto mmoja mmoja, na kila mmoja akasema ndiyo baba, lakini Mwanza ni mbali, Dodoma ni mbali, Babati kuna duka, na yeye hakuwa mtu wa kudanganyika. Akaandika katika daftari, kwa mwandiko wake ulionyooka, "Siku nitakayokufa, zimeni mitambo yote. Msitumie jina langu. Olais aambiwe mapema asije akaita bure." Nilimwona akifunga daftari lile, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee wangu ameshindwa.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakumuuliza, naye ni yule aliyekuwa akimwekea maji ya betri kila Jumamosi. Dada yangu Dorkasi, mwenye elimu ya darasa la saba na umri wa miaka sitini na miwili, alianza kusoma vitabu vya mumewe kila mchana mgonjwa alipolala, akivirudisha rafuni kabla hajaamka, na Olais, mwenye leseni yake tangu zamani, akimfundisha kwa simu ya kawaida, na walipokwama kwenye Kiingereza wakawa wananiuliza mimi. Mwezi Juni mwaka huu alimuaga mumewe kwamba anakwenda Arusha kupima macho, na kweli alipima, miwani ndiyo ile, lakini kabla ya hapo nilimpeleka kwenye mtihani. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kidato cha sita, nikajiandikisha na mimi. Ndugu zangu, nilianguka, na nimeahidiana na dada kwamba nitalisema mbele yenu leo ili yeye asilazimike kulisema kila Krismasi.

Barua yake ilifika tarehe 4 Septemba 2025, marehemu akiwa amelazwa hospitalini Karatu, wodi ya wanaume. Dada aliingia, akamvalisha miwani yake mwenyewe, akamwekea barua mkononi. Alisoma jina, akasoma lile jina jipya la herufi na namba, akarudia kutoka juu. Kisha akamwambia alitamke kama linavyotamkwa hewani, na dada akasimama wima katikati ya wodi akalitamka, herufi kwa herufi, bila kukosea, na mzee akacheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani pumzi zimekatika, naye mzee akamwambia, "Binti, usiogope, huyu ni mwenzangu."

Siku tano baadaye, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, Sylvesta Boay Akonaay alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi mitano na siku ishirini na sita.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi kumi, na hasa kwa kuvumilia maswali yake kuhusu mashine zao, nawashukuru majirani waliotuletea kuni, maji na sufuria zisizotobolewa, mafundi wenzake wa zamani, jumuiya yetu, na watu wa Malambo walioleta dume la kutulishia msiba, kwao nasema kwa lugha yao ashe oleng, asanteni sana.

Mmoja wenu ameniuliza kwa nini kuna waya umepita dirishani. Watu wa redio ya ridhaa wana desturi, mwenzao akifa huitwa kwa jina lake la hewani mara tatu, na asipojibu, jina hilo halitumiki tena. Olais ataita sasa kwa redio aliyokuja nayo kwenye gari, nasi tutakaa kimya, hata huyo mtoto wa kuku. Baada ya hapo dada ataingia ndani, atazima mitambo yote kama alivyoagizwa, na daftari tutalifunga. Kisha atahesabu hadi kumi, atawasha tena, na kuita Malambo kwa jina lake mwenyewe, na Nasieku yuko kule bomani anasubiri kumsikia.

Shemeji, agizo lako tumelitimiza. Wewe umenyamaza, mkeo yuko hewani. Pumzika kwa amani.