Bi Filomena Lukasi na Tawi Lisilokauka

Tarehe 30 Juni 1977 Bi Filomena Lukasi, mkunga na mhudumu wa zahanati ya kijiji chetu huku upande wa Tindiga, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita kazini. Watoto wengi wanaotupigia kelele hapo nje leo walipita mikononi mwake kabla hawajajua kulia.

Alianza mwaka 1951 kama mfagizi wa wodi ya wazazi Kilosa mjini. Wauguzi walipoona wazazi wanamwita yeye kuliko wanavyowaita wao, wakaona heri wamfundishe. Uhuru ulimkuta Mikumi, akizalisha wake za vibarua wa barabara ndani ya mahema. Mwaka 1969 alihamia hapa kwenye kijiji cha Ujamaa na beseni lake la bati na ukali wake wote.

Ukali huo una utaratibu. Hazalishwi mtu bila kuamkia. Hata uchungu uwe umekushika kooni, yeye husimama mlangoni akingoja shikamoo yake, halafu huitikia marahaba taratibu kama mliokutana kisimani. Baadaye ndipo unapotambua kwamba ulipokuwa unatafuta pumzi ya kumwamkia, uliacha kupiga mayowe.

Akina mama wakwe nao wanamjua. Uji wa mzazi huuonja yeye kwanza, na ukikosa pilipili manga unarudi jikoni. Kwenye maboma ya wafugaji alikwenda kwa miguu, akarudi na habari za jinsi wenzetu wanavyomnywesha mzazi samli. Tangu hapo hutuambia wakulima kwamba kulima tunajua, kulisha mzazi bado.

Mimi, Raheli, nafanya naye kazi zahanati, napima watoto uzito. Lakini mwaka jana, mwezi wa tatu, nilikuwa mzazi wake. Mimba ya kwanza, mto umefurika, njia ya kwenda Kilosa imekatika. Nikajifungulia kwa mama mkwe, juu ya mkeka. Mtoto alitoka salama. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Bi Filomena alimweka mtoto kwenye titi, akanikanda tumbo kwa kiganja bila kupumzika, huku akimuuliza mama mkwe habari za chumvi dukani ili yule mama asipate nafasi ya kulia. Damu ikakoma. Mimi nikabaki sina nguvu hata ya kugeuza shingo.

Sasa, kijiji kilikuwa na taratibu zake. Ilikuwa wakati wa palizi ya pamba ya kijiji, na kila mtu mzima alitakiwa shambani. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba mzazi afungiwe tawi bichi mlangoni. Majani yakikauka, atoke na jembe. Kwa jua letu, tawi halimalizi wiki.

Langu lilikuwa la mpera, na halikukauka. Kila alipokuja kunikanda kwa maji ya moto, Bi Filomena alikuja na tawi jipya chini ya khanga. Nikisimama nilikuwa naona giza. Yeye alijua, nami nilijua, kwamba jembe lile lingenimaliza.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Donati, alijua kitu kingine: majani hayafanyi hivyo. Alikuja akachuma jani moja, akalinusa, akauliza kama tawi lile limeota mizizi. Bi Filomena alidai shikamoo yake kwanza. Alipoipata, akasema:

"Ukitaka atoke leo, atatoka. Ila akianguka kwenye pamba, utambeba wewe mgongoni mpaka Kilosa. Na mto unauona."

Donati aliondoka na lile jani mkononi. Tulilala na hofu, maana neno lake moja kwenye kamati lingetosha. Asubuhi Bi Filomena alipofika na tawi lake alikuta lingine limeshafungwa, la mkwaju, bichi kabisa, kwa kamba ya katani na fundo la kufungia mbuzi. Mama mkwe alikuwa amemwona aliyelifunga. Ni balozi.

Nilitoka siku nilipoweza kubeba ndoo bila kushika ukuta. Pamba ya kijiji haikufa kwa kunikosa.

Mwezi wa nne mwaka huu, kwenye mkutano wa kijiji, Ndugu Donati mwenyewe alisimama akapendekeza matawi yaachwe na kila mzazi apumzike arobaini kamili. Watu wakapiga makofi. Bi Filomena hakupiga. Aliuliza kutoka nyuma alikokaa:

"Na yule ambaye mtoto hakuishi, yeye hakuzaa?"

Kisha nalo likapitishwa. Wako wanawake hapa leo waliopumzika kwa sababu ya swali hilo, na sitawataja.

Bi Filomena, zahanati inakushukuru, kijiji kinakushukuru, na wengine wetu tunakushukuru kwa uhai. Unakwenda Mvumi kwa binti yako. Wajawazito, nawaomba msimfuate huko. Mwaka mzima huu amenifundisha kazi yake, na kuanzia tarehe mosi Julai mlango wa kugongwa ni wa Raheli, hata kama mwanangu ndiyo kwanza amesinzia. Nitaamka.

Wewe mama yetu lala mpaka jua lipande. Tunakutakia uzee mwema, wenye afya na wajukuu, na usingizi ambao hakuna atakayeukatiza.